Wagonjwa Watapangwa kwa Uzito

Nchi ninayoitumikia sitaitaja jina, kwa kuwa kulitaja bila kibali cha maandishi ni kosa, na mimi ni mtu wa kufuata maandishi. Itoshe kusema ni nchi yenye bendera nzuri, hewa ya kutosha na Wizara ya Afya. Mimi ni karani wa mapokezi katika Hospitali Kuu ya nchi hiyo, huu ukiwa mwaka wangu wa kumi na tisa, na haya nitakayoyasema niliyaona kwa macho yangu, nikiwa nimekaa mezani pangu, kalamu mkononi.

Wizara wakati huo ilikuwa chini ya Mheshimiwa Gaudensi Mapunju, mtu mkubwa kwa kila kipimo. Mheshimiwa alialikwa ng'ambo kwenye semina ya siku tano kuhusu namna ya kuwapokea majeruhi wengi kwa mpigo. Siku nne alikuwa na shughuli nyingine. Siku ya tano aliingia ukumbini wakati wa kufunga, akamkuta mtaalamu akisema kwamba maafa yakitokea, majeruhi wasihudumiwe kwa kuangalia nani kafika kwanza, bali wapangwe kwa uzito wa hali zao. Mheshimiwa aliguswa. Alifungua daftari lake la semina, jeupe kabisa, akaandika neno moja na kulipigia mstari: Uzito.

Wiki mbili baadaye tukapokea Waraka Namba Nane. Ulikuwa na kurasa thelathini na moja, na thelathini zilikuwa za pongezi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na sentensi moja: "Kuanzia leo wagonjwa watapangwa kwa uzito."

Mganga Mfawidhi wetu, Dokta Sekibaha, aliitisha kikao. Alisoma ile sentensi kwa sauti, akavua miwani, akauliza kama kuna mwenye la kusema. Aliyesimama ni Sista Apolonia, ambaye alikuwa amewapokea majeruhi mlangoni kwetu kwa miaka ishirini na miwili. Sista huyu alikuwa na tabia mbaya ya kumtazama mgonjwa usoni. Alikuwa akianza kumtazama tangu getini, anavyotembea, anavyopumua, kisha anambonyeza ukucha wa kidole gumba na kuhesabu kimoyomoyo mpaka damu irudi. Akishamaliza anasema, "Huyu ndani, huyu asubiri," bila kujaza fomu yoyote.

"Nadhani Wizara imemaanisha uzito wa hali," alisema Sista Apolonia. "Yaani nani anakaribia kufa, aanze yeye."

"Waraka haujasema hali, sista," alijibu Dokta Sekibaha. "Umesema uzito."

"Basi tuwaulize."

"Tuwaulize?" Dokta Sekibaha alivaa tena miwani ili amwone vizuri. "Unataka niandike barua ya kumwambia Mheshimiwa kwamba haeleweki?"

Hakuna aliyetaka. Kikao kikagawanyika pande mbili. Kundi moja lilisema kila mtu anajua mtu mzito ni nani katika nchi hii: ni mwenye cheo, na hilo halihitaji semina. Kundi la pili lilisema uzito ni kilo, tangu shule ya msingi. Walibishana mpaka chakula cha mchana kilipoletwa, na kwa kuwa kilikuwa pilau, muafaka ulipatikana haraka. Vitumike vyote viwili.

Mizani ya kupimia marobota ya pamba ikaletwa kutoka ghalani na kusimikwa mlangoni, mbele ya meza yangu. Daraja la Kwanza likawa la mwenye cheo, au mwenye kilo mia na kuendelea. Huyo anaingia moja kwa moja chumba cha upasuaji. Daraja la Pili, kilo sitini mpaka tisini na tisa, anakaa kwenye benchi la ndani. Daraja la Tatu, chini ya sitini, anasubiri nje chini ya turubai. Mgonjwa atapanda mizani mwenyewe na kusimama wima bila kuegemea. Wenye vyeo wao watataja kilo zao kwa mdomo, kwa kuwa kumpandisha mwenye cheo kwenye mizani ya pamba ni dharau.

Nikapewa daftari jipya lenye safu tatu: jina, kilo, daraja. Safu ya "anaumwa nini" iliondolewa ili kubana matumizi ya karatasi.

*

Jengo jipya la dharura lilizinduliwa siku ya Jumatano asubuhi. Jukwaa la wageni lilikuwa limejengwa kwa mbao na shemeji wa mtu fulani, mtu ambaye jina lake silikumbuki, na wala sitalikumbuka. Mbele ya jukwaa, chini kwenye nyasi, ilikaa kwaya ya akina mama wauza dagaa wa soko kuu, wanawake arobaini waliovaa vitenge vya kijani. Walikuwa wameamriwa kuimba, na waliimba vizuri. Mwanzilishi wa nyimbo alikuwa mama mmoja mwembamba, Nyamizi, na pembeni yake alikaa mdogo wake, Kashindye, aliyekuwa akiitikia sauti ya pili.

Mheshimiwa Mapunju alihutubia kwa saa moja na nusu.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Zile enzi za mgonjwa kufika tu na kupokelewa hivi hivi, kiholela, bila utaratibu, zimekwisha! Serikali yenu imewatafutia utaratibu! Na utaratibu huo, ndugu zangu, ni mzito!"

Tulipiga makofi. Akapewa mkasi wa kukata utepe. Mkasi ulikuwa mkali kwa sababu ulikuwa mpya, na Mheshimiwa, ambaye alikuwa akitazama kamera, alikata utepe pamoja na ncha ya kidole chake cha shahada.

Alipiga kelele. Maofisa kumi na wanane waliokuwa jukwaani walikimbilia upande wake kwa wakati mmoja, kila mmoja akitaka aonekane kuwa ndiye aliyefika wa kwanza. Jukwaa lililia kama ng'ombe, likainama upande ule, likaenda chini na wote waliokuwa juu yake.

Nashukuru kuripoti kwamba waheshimiwa hawakuumia. Waliiangukia kwaya.

*

Ilikuwa bahati ya aina yake, kwa maana ajali ilitokea hatua ishirini kutoka mlango wa dharura. Mheshimiwa Mapunju alifikishwa wa kwanza, amebebwa na watu sita, kidole juu. Dokta Sekibaha mwenyewe alinitajia, "Mia na ishirini na moja. Daraja la Kwanza." Nikaandika. Wakampeleka chumba cha upasuaji, ambacho hospitalini kwetu ni kimoja na kina meza moja. Daktari wetu wa upasuaji, Dokta Yambi, alikwisha vaa glavu. Nyuma wakaingia wale maofisa kumi na wanane, Daraja la Kwanza wote, ugonjwa wao ukiwa ni mshtuko.

Kisha wakaanza kuletwa akina mama. Walilazwa kwenye nyasi mbele ya mizani. Wengi walikuwa wakilia kwa sauti, kwa kuwa walivunjika mikono, miguu na mbavu. Sista Apolonia alipita katikati yao haraka, akiinama na kuinuka, akibonyeza kucha. Kelele zile zote alizipita. Akasimama kwa Nyamizi, ambaye hakuwa akilia hata kidogo.

Kashindye alikuwa amepiga magoti kando yake, mkono wake mmoja ukining'inia vibaya. "Huyu dada yangu hajambo, sista," alisema. "Hajalalamika chochote. Amechoka tu."

Sista Apolonia alimshika Nyamizi kifundo cha mkono, akaweka kiganja tumboni. Akakiondoa upesi.

"Machela!" alisema. "Huyu anavuja damu kwa ndani. Aingie sasa hivi."

"Kwanza apimwe," alisema Koplo Matimbwa, askari wa mizani.

"Hawezi kusimama, Koplo."

"Waraka unasema atasimama wima bila kuegemea."

"Kaka yangu," Kashindye akamwambia, "basi mimi nimshike tu, kwa huu mkono mzima."

"Ukimshika itakuwa kilo za watu wawili," alisema Koplo. "Huo utakuwa udanganyifu, mama, na wewe ndiye utakayefungwa."

Wakampandisha. Kashindye akamwachia. Nyamizi alisimama kwa kadiri ya sekunde mbili, kitenge chake kikitikisika, na mshale ukatulia kwenye arobaini na moja. Nikaandika: Nyamizi, 41, Daraja la Tatu. Halafu akaporomoka. Koplo Matimbwa alimdaka kabla hajafika chini, jambo ambalo halimo kabisa kwenye orodha ya majukumu yake.

Sista Apolonia alikuja mezani kwangu. Aliinama mpaka nikaona jasho juu ya mdomo wake.

"Karani," alisema kwa sauti ya chini, "andika mia na arobaini na moja."

"Nimeshaandika arobaini na moja, sista."

"Ongeza moja mbele. Moja tu. Nafasi ipo."

Nilitazama daftari. Nafasi ilikuwapo kweli; ingetosha moja, na hata mbili. Koplo alikuwa ametazama pembeni, na sijui hata leo kama alifanya makusudi. Nikamweleza Sista Apolonia kwamba daftari ni mali ya serikali, na kwamba nina miaka kumi na tisa kazini bila kosa hata moja la kalamu. Aliniangalia kama anavyowaangalia wagonjwa, kuanzia machoni, kisha midomo, kisha mikono. Sijui alinipa daraja gani. Akaondoka kuelekea chumba cha upasuaji.

Mlango ulikuwa wazi kwa sababu maofisa hawakuenea ndani, hivyo nilisikia kila kitu.

"Dokta Yambi, nina mama tumbo limejaa damu. Naomba meza."

"Huyu ni nani?" Ilikuwa sauti ya Mheshimiwa.

"Ni sista wa mapokezi, Mheshimiwa," alijibu Dokta Sekibaha.

"Huyo mama ana kilo ngapi?"

Sista Apolonia akajibu: "Arobaini na moja."

"Sasa mnaniuliza nini? Waraka si mnao?"

"Mheshimiwa, hicho kidole hata mimi nakifunga kwa kipande cha bendeji, ukiwa umekaa kwenye kiti. Kinakwisha kabla hujamaliza kulalamika. Shuka mezani."

Nilisikia maofisa kumi na wanane wakivuta pumzi kwa pamoja.

"Daktari," alisema Mheshimiwa taratibu, "endelea."

Na Dokta Yambi, ambaye alisomea upasuaji miaka kumi na miwili na alijua vizuri kuliko sote tumbo lililojaa damu maana yake ni nini, alisema, "Nimalize kushona, sista. Nimalize tu." Kidonda kile kilikuwa na urefu wa punje ya mchele. Kilishonwa nyuzi tisa, kwa kuwa kila alipotaka kukata uzi, ofisa mmoja alishauri aongeze.

Sista Apolonia alirudi nje, akamtundikia Nyamizi dripu mbili kwenye nguzo ya turubai, akamwinulia miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Zaidi ya hapo hakuwa na la kufanya bila meza na kisu. Nyamizi aliweka kichwa kwenye paja la mdogo wake.

"Kashi, mbona baridi hivi?"

"Jua kali, dada. Sasa hivi wanakuita."

"Tuliimba beti zote?"

"Zote."

"Ile ya mwisho niliipandisha mno."

Kashindye alimfunika kwa kanga yake, mkono mmoja ukifanya kazi ya miwili. Saa sita kasoro robo Mheshimiwa Mapunju alitoka chumba cha upasuaji akipunga kidole kwa waandishi wa habari. Nyamizi alikuwa amekwisha kufa dakika kumi kabla. Katika wale arobaini, sita walikufa chini ya lile turubai, na mzito kuliko wote kati yao alikuwa na kilo hamsini na nane.

*

Tume iliundwa. Nchi yetu haichelewi kuunda tume. Ilikaa miezi minne na ikatoa matokeo matatu.

Kwanza, jukwaa lilikuwa imara, ila kwaya ilikuwa imekaa mahali ambapo jukwaa lilitaka kuangukia. Pili, idadi ya wagonjwa waliofia katika jengo jipya la dharura ni sifuri, kwa maana turubai haliko ndani ya jengo, na jambo hili lilipongezwa kama rekodi. Tatu, Sista Apolonia alipatikana na hatia ya kupima wagonjwa kwa macho bila kibali, na ya kumwambia Waziri ashuke.

Niliitwa kutoa ushahidi. Niliulizwa kama daftari langu ni sahihi, nikajibu kwamba ni sahihi kabisa. Mwenyekiti wa Tume alinipongeza. Sista Apolonia alikuwa amekaa mstari wa mbele, na alipoulizwa kama ana swali kwa shahidi, alisema hana.

Kashindye alikuja na mkono kwenye plasta. Alitaka jina la dada yake liandikwe kwenye orodha ya waliokufa.

"Mama," Mwenyekiti alimwambia kwa upole wa kiserikali, "orodha hiyo haipo. Tutamwandikaje mtu kwenye kitu ambacho hakipo?"

"Basi muianzishe."

"Ili iweje?"

"Ili ijulikane walikuwapo."

Mwenyekiti akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nilikuwa karibu, nikaona. Alikuwa amechora mraba.

Sista Apolonia alifukuzwa kazi siku ya Ijumaa. Alikabidhi sare, akabaki na saa yake yenye mshale wa sekunde, ambayo ilikuwa mali yake mwenyewe. Wiki ile ile mwanamke mmoja alimfuata nyumbani akiwa na mtoto mwenye degedege. Kesho yake wakaja wanne. Kufikia mwezi wa pili baraza la nyumba yake lilikuwa limejaa mabenchi. Alikuwa hatibu makubwa, alikuwa akiwapanga. Anayeweza kusubiri anasubiri, anayehitaji maji ya chumvi na sukari anapewa hapo hapo, na mahututi wanalazwa kwenye pikapu ya jirani na kupelekwa hospitali ya misheni nyuma ya mlima. Huko walikuwa wakisoma kijibarua chake na kufungua mlango. Pikapu ilibeba watatu waliolala. Kwenda na kurudi ni dakika arobaini.

Aliyekuwa akiandika majina ni Kashindye. Dagaa aliacha.

*

Mwaka haukuisha, Mheshimiwa Mapunju akashikwa na tumbo.

Alilazwa kwetu, Daraja la Kwanza, chumba chenye zulia. Madaktari kumi na mmoja walimzunguka. Shida ilikuwa kwamba kulikuwa na waraka mwingine, Namba Kumi na Mbili, uliosema hakuna kiongozi anayeweza kuwa na hali mbaya. Basi daktari wa kwanza akaandika, "Mheshimiwa anaendelea vizuri." Wa pili, asije akaonekana hampendi, akaandika, "vizuri sana." Siku ya tatu, Mheshimiwa akiwa hawezi kunyoosha mguu wa kulia na akitapika nyongo, ripoti ilisema hajawahi kuwa na afya kama aliyonayo sasa. Dokta Yambi alikuwa amekwisha hamia nchi nyingine. Waliobaki waligombea nafasi ya kumshika Mheshimiwa mkono.

Mke wake, Bibi Stamili, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Siku hiyo ya tatu, saa tisa alasiri, alimfunika mumewe kanga kichwani, akampitisha mlango wa jikoni, akamwingiza kwenye gari lisilo na bendera na kumleta barazani kwa Sista Apolonia.

Mimi nilikuwapo. Nilikuwa wa kumi na moja kwenye benchi, nikiwa na jipu mahali ambapo si lazima pasemwe. Hospitalini kwangu nilipimwa kilo hamsini na saba.

Sista Apolonia alimtambua. Niliona alivyomtambua. Hata hivyo alimfanyia kama kila mtu: alimtazama anavyotembea amejikunja, akambonyeza ukucha, akahesabu kwa saa yake, akagusa tumbo upande wa kulia na kuachia ghafla. Mheshimiwa akaruka.

"Huyu wa kupasuliwa leo," alimwambia Kashindye. "Muandike." Kisha akarudi upesi kwa mtoto mchanga wa kike aliyekuwa akipumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani.

Kashindye aliandika. Kwenye pikapu kulikuwa na yule mtoto na mama yake, mjamzito mmoja aliyekuwa akitoka damu, na mzee aliyeumwa na nyoka, mguu umevimba mpaka pajani. Dereva alikuwa anawasha gari.

"Mimi ninaingia hapo," alisema Mheshimiwa Mapunju.

"Hapana," alisema Kashindye. "Wewe ni wa nne. Pikapu inachukua watatu. Ikirudi, wewe ndiye wa kwanza."

"Unajua mimi ni nani?"

"Nakujua vizuri."

Bibi Stamili aliangalia barabarani, lakini dereva wao alikuwa amekwisha ondoka, kwa kuogopa kuonekana. Pikapu ikatoka ikinyunyiza vumbi. Mheshimiwa alikaa kwenye benchi, mabega yamelegea, jasho likimtiririka. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu yule bila mtu mwingine pembeni yake wa kumpigia makofi. Alikuwa amepungua sana. Alimtazama Kashindye, na sidhani kama alimkumbuka. Kwaya zote huvaa sare.

"Na nikifa hapa hapa nikisubiri?" aliuliza. Sauti haikuwa ya jukwaani.

Kashindye aliweka kalamu chini. Mimi mwenye jipu nikaogopa atakachosema. Kisha akasogeza kiti chake karibu na benchi, akamshika kifundo cha mkono kama alivyofundishwa na sista, macho kwenye mshale wa saa aliyomwazima.

"Ukianza kufa tutakusogeza mbele," alisema. "Ndiyo maana ya huu mstari."